Mchezo mu mukutano wa koperative: tuukubali, lakini tusidanganywe nao



Siku hizi maajenti wa kilimo wanafika mu vijiji na michezo. Wanagawa mbegu za maharagi, wanatia visanduku mu shamba, wanaita watu washindane. Wazee wengine wanauliza: Sisi ni watoto? Tunangojea mbolea, wanatuletea mchezo! Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni hili: mchezo ni mzuri kama unafanya kazi mbili. Ya kwanza, kumpa sauti memba mwenye kunyamaza. Ya pili, kugeuza kitu fulani mu maamuzi yetu. Usipofanya hayo, ni kupoteza siku ya kulima.

Tuanze na ubaya, kwa kuwa wazee wanaujua. Wakati wa Mobutu, wafanyakazi na wanafunzi walilazimishwa kuimba na kucheza ngoma kwa kusifu chama cha MPR. Waliita ile animasio. Kulikuwa pia salongo, kazi ya pamoja ya lazima. Mtu alicheza, alipiga makofi, lakini hakuna mwenye alimuuliza: Wewe unafikiri nini? Mchezo wa amri unachosha miguu tu, akili inabaki imelala.

Ubaya mwingine ni shindano la mtu mmoja mmoja: nani atalima mistari mingi, apate kofia. Mwenye nguvu na watoto wakubwa atashinda kila mara. Mama mwenye mtoto mgongoni atashindwa kila mara, na mara ya tatu hatakuja. Hapo koperative imepata kofia moja na imepoteza memba.

Sasa tuone mchezo mwenye faida. Mwaka 1989, mu Indonesia, shirika la FAO lilianza kufundisha wakulima wa mpunga mulemule mu shamba. Wadudu walikuwa wengi, na dawa zilikuwa zinaua hata wadudu wazuri wenye kula wabaya. Njia hiyo njo tunaita shamba-shule, na iko leo mu inchi nyingi za Afrika, na hapa Kongo pia. Tangu mwanzo, michezo ya kikundi ilikuwa sehemu ya masomo. Watu wazima wenye kukaa wima mu benchi wanaogopa kujibu vibaya. Wakicheza, woga unapungua.

Mchezo mmoja wa shamba-shule ni wa visanduku. Ajenti anafunga kamba kwa mmea wenye ugonjwa ama mdudu. Kando anaweka swali na visanduku vitatu, kila kimoja na jibu lake. Memba anapita, anaangalia, anatia karatasi mu kisanduku anachochagua. Asiyejua kusoma, anasomewa. Mfano ni kiwavi mwenye kula mahindi, yule aliyeonekana Afrika mwaka 2016 na sasa anatusumbua wote. Akikomaa, kichwani ana alama kama Y iliyogeuzwa chini juu, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yenye kufanya mraba. Kama watu wengi wamekosea jibu, hakuna wa kuchekwa: tumejua tu somo gani lianze. Na kama mama fulani amejibu vizuri yote, tumepata mwalimu bila kulipia safari ya mtu wa Kolwezi.

Mchezo wa pili ni wa mbegu, na mikono yetu inaujua tayari, kwani wazee wanacheza kisolo, wanahesabu mbegu shimo kwa shimo. Tunataka kuchagua mahindi ya kupanda? Chora mistari chini. Huku mbegu ya kienyeji, huku ile ya kununua kila mwaka. Halafu weka maswali: Ipi inazaa sana? Ipi inatoa bukari nzuri? Ipi inakaa mu gala bila kuliwa na wadudu? Ipi haitumalizi feza? Kila memba anapewa mbegu kumi za maharagi, anazigawa. Wanaume wacheze kando, wanawake kando, vijana kando, kisha tulinganishe. Mara nyingi mwenye kuuza haangalii kitu kimoja na mwenye kutwanga. Tofauti hiyo ikionekana chini, prezida hawezi kusema: Wote tumekubali.

Hiyo haipingane na sheria. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ya mwaka 2010, inasema kila memba ana sauti moja, hata kama ana hisa nyingi. Lakini sauti mu karatasi ni kitu kimoja, na sauti mu mukutano ni kingine. Mchezo unaweza kufunga ile nafasi katikati.

Naomba kanuni nne. Tusitie feza, kwa maana tutazaa kamari. Zawadi iwe ya kikundi kizima. Mchezo usipite nusu saa, na usiwekwe saa za bamama kuteka maji. Na ile kubwa: komite iandike jibu mu kitabu, na mukutano unaofuata iseme imefanya nini nalo. Jibu likitupwa, memba hatacheza tena, na atakuwa na haki.

Na mchezo usifunike deni. Memba mwenye hajalipwa mahindi yake ya mwaka jana hana haja ya kisanduku wala maharagi. Ana haja ya hesabu wazi. Umulipe kwanza, ndipo umwalike acheze.

Vijana wetu wanaenda kuchimba shaba na kobalti upande wa Kolwezi. Wanafuata feza, na mchezo hautawarudisha wote. Lakini wako wengine wenye kuondoka kwa sababu mu mukutano wanaambiwa tu: Nyamaza, mtoto. Mbele ya mvua kuanza, tutachagua mbegu. Tuwape nao maharagi kumi, sawa na ya mzee, na tuheshimu mahali watayaweka.