WAZEE SI NG'OMBE WA KUHESABIWA ZIZINI

Yako maneno yaliyozaliwa zizini, na leo yamevalishwa suti yakakalishwa meza moja na mawaziri. Maneno hayo ni "kinga ya kundi". Hatusemi zizini kwa kutukana. Ndiko yalikotoka hasa: huko Marekani, yapata mwaka 1916, matabibu wa mifugo walipokuwa wakipigana na ugonjwa wa kuharibu mimba za ng'ombe. Waliona kwamba mfugaji akiwaweka ng'ombe waliokwisha ugua wakapona, akalea ndama wake mwenyewe, asinunue wageni, ugonjwa hupungua kundini. Ni shauri jema kwa mwenye ng'ombe. Ng'ombe mmoja akifa, mwenyewe hula hasara, hupeleka ngozi sokoni, na kundi huendelea.

Ugonjwa wa korona ulipoenea duniani mwaka 2020, wakubwa kadha wa Ulaya na Marekani waliichukua hesabu hiyo ya zizini wakataka kuitumia kwa binadamu. Wapo ambao wataitoa tena kabatini siku ugonjwa mwingine utakapobisha hodi. Basi twataka kila mwanachama na kila rafiki wa chama ajue mapema hesabu ile ilimwangukia nani. Ilimwangukia bibi na babu katika nyumba za wazee, mlango umefungwa, na mwanawe amesimama nje ya dirisha akipunga mkono.

Tuanze na Uingereza. Tarehe 13 Machi 2020, mshauri mkuu wa serikali katika mambo ya sayansi, Sir Patrick Vallance, alieleza hadharani kwamba watu kama 60 katika kila 100 wangehitaji kuambukizwa ndipo kinga ya kundi ipatikane. Sisi tuliopitia chuo cha ualimu tumefundishwa kutompa mtoto jawabu kabla hajaiandika hesabu yenyewe. Tuiandike. Uingereza ilikuwa na watu wapatao milioni 67. Sitini katika kila mia ni milioni 40. Akifa mmoja tu katika kila mia ya walioambukizwa, na hayo ndiyo makadirio yaliyokuwa yakitajwa siku zile, wamekufa watu laki nne. Hii ni hesabu ya darasa la tano. Waziri wa Afya, Matt Hancock, alitoka upesi kusema kwamba kinga ya kundi siyo shabaha ya serikali. Vema. Tusimwekee maneno kinywani. Tutazame yaliyotendwa.

Hata tarehe hiyo 13 Machi, maagizo ya serikali kwa nyumba za wazee yalikuwa bado yakisema kwamba si yamkini mtu anayetunzwa humo ataambukizwa. Tarehe 17 Machi hospitali ziliamriwa kutoa wagonjwa ili vitanda viwe wazi. Kutoka siku hiyo mpaka 15 Aprili, watu wapatao 25,000 walitolewa hospitali wakapelekwa katika nyumba za wazee, na wengi hawakupimwa kwanza. Fikirini jambo hilo, ndugu. Binti aliyetaka kumwona mama yake aliambiwa arudi kwake, yeye ni hatari. Na mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa gari la wagonjwa! Mwezi wa Mei waziri yule yule akasema kwamba tangu mwanzo walijitahidi kuzizungushia nyumba hizo pete ya ulinzi. Mwaka 2022, tarehe 27 Aprili, Mahakama Kuu yao ikaamua kwamba maagizo ya kuwatoa watu hospitali yalikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa hayakufikiria hatari ya mtu asiyeonyesha dalili kuwaambukiza wazee. Siyo sisi tuliohukumu. Ni majaji wao.

Sasa watatuambia: makosa ya watendaji hayaharibu fikira yenyewe. Waacheni vijana waambukizwe, wao hawafi sana, na wazee walindwe mbali mpaka dhoruba ipite. Fikira hii ina sura nzuri. Tarehe 4 Oktoba 2020 mabingwa watatu, Jay Bhattacharya, Sunetra Gupta na Martin Kulldorff, waliitia saini katika mji wa Great Barrington, Massachusetts, na watu wengi sana wakaiunga mkono. Wala si watu wa kupuuzwa. Mwaka 2025 Bwana Bhattacharya alipewa ukuu wa taasisi za taifa za utafiti wa afya huko Marekani. Kwa hiyo yafaa tumjibu kwa hoja, siyo kwa kelele.

Swali letu ni moja. Huyo mzee aliyewekwa mbali, nani anamwogesha?

Mzee wa miaka 85 asiyeweza kuinuka hawezi kulindwa na ukuta. Lazima aje mtu amgeuze kitandani, ambadili nguo, amlishe, amshike mkono kwenda msalani. Mtu huyo hatoki mbinguni. Anatoka katika mtaa ule ule ambao mabingwa wanataka ugonjwa uachiwe utembee. Amepanda basi. Ana watoto shuleni. Na katika nchi hizo tajiri mtu huyo analipwa ujira mdogo kabisa, mara nyingi kwa saa, na wengi hufanya kazi katika nyumba mbili au tatu ili kodi itoshe. Katika hao wamo wengi waliotoka Afrika; hakuna mji wetu mkubwa usio na jamaa wanaomtaja dada au kaka anayetunza wazee ng'ambo. Akiamka ana homa, afanye nini? Uingereza mwezi Aprili 2020 malipo ya ugonjwa yaliyowekwa na sheria yalikuwa pauni 95 na senti 85 kwa wiki, na wenye kipato cha chini zaidi hawakuyapata hata hayo. Akikaa nyumbani, watoto hawali. Akienda kazini, mzee anakufa. Serikali yao wenyewe ilipofanya uchunguzi katika nyumba za wazee mwaka ule, ilionekana kwamba palipokuwa na watumishi wanaolipwa wakiugua, maambukizo ya wazee yalikuwa machache zaidi, na palipotumiwa vibarua wa kuhama-hama yalikuwa mengi zaidi.

Mabingwa wa Great Barrington walisema nyumba za wazee zitumie watumishi waliokwisha ugua wakapona, na wengine wapimwe mara kwa mara. Loo! Yaani mtunzaji augue kwanza ndipo apate kazi? Na hao waliopona wangepatikana wapi wa kutosha, katika kazi ambayo hata siku za salama haina watu?

Uswidi ndiyo shule kubwa ya jambo hili. Wengi waliisifu kwa kutofunga maduka na shule za watoto wadogo. Wakubwa wa huko walikana kwamba kinga ya kundi ndiyo shabaha yao, ingawa barua za mkuu wa mambo ya magonjwa, Anders Tegnell, za Machi 2020, zilipotoka zilionyesha akijadili kama kuacha shule wazi kungeharakisha kinga hiyo. Lakini kitu kimoja Uswidi ilikifunga: kuanzia 1 Aprili hata mwisho wa Septemba 2020 ilikatazwa nchi nzima kumtembelea mzee katika nyumba za kutunzia. Ndiyo fikira ile ile, mtaa wazi na mzee ndani. Matokeo? Kufika Desemba walikuwa wamekufa watu zaidi ya 7,000, na karibu nusu yao walikuwa wakaaji wa nyumba hizo. Tume iliyowekwa na serikali yenyewe ilitoa taarifa tarehe 15 Desemba. Ikasema kuwalinda wazee kumeshindikana, na kwamba sababu iliyo kubwa kuliko zote, kwa kadiri ilivyoonekana, ilikuwa kuenea kwa ugonjwa katika jamii nzima. Ikataja pia udhaifu wa siku nyingi katika utunzaji wa wazee, ukiwamo wa watumishi wa saa, wasiofundishwa vya kutosha. Hapo hapakuwa na binti wa kusingiziwa. Binti alikuwa nje tangu Aprili.

Na hiyo kinga yenyewe iliyonunuliwa kwa maiti, ilidumu? Tazameni Manaus, mji wa Brazil ulio katikati ya msitu wa Amazon. Wataalamu walikadiria kwamba kufika Oktoba 2020 watu 76 katika kila 100 mjini humo walikuwa wamekwisha ambukizwa, yaani zaidi ya ile 60 iliyotajwa London. Januari 2021 ugonjwa ulirudi kwa sura mpya. Hospitali zikaishiwa oksijeni, wagonjwa wakafa kwa kukosa pumzi, na malori ya oksijeni yakatoka Venezuela kuja kusaidia. Mwafrika mwenzetu, Dokta Tedros Adhanom Ghebreyesus wa Shirika la Afya Duniani, alikuwa amekwisha onya tarehe 12 Oktoba 2020 kwamba katika historia yote ya afya ya umma kinga ya kundi haijawahi kutumiwa kuwa njia ya kukabili mlipuko wa ugonjwa. Hawakumsikiliza.

Hatusemi kwamba kinga ya kundi ni uongo. Ipo, na sisi wa Afrika Mashariki twaijua vizuri, hata kwa ng'ombe. Miaka ya 1890 sotoka ilipita katika nchi zetu bila wa kuizuia. Haikuacha kundi lenye kinga. Iliacha mifupa, na Wamasai wakafa njaa, wala ugonjwa haukuondoka. Kilichouondoa ni chanjo, na chanjo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake hapo Muguga, karibu na Nairobi, miaka ya 1950 na 1960. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Ndui vivyo hivyo: mgonjwa wa mwisho aliyeupata mtaani alionekana Merca, Somalia, mwaka 1977, baada ya watu kuchanjwa na wagonjwa kufuatwa nyumba kwa nyumba. Ng'ombe alingojewa chanjo. Bibi wa Stockholm hakungojewa. Na chanjo ya korona haikuwa mbali: waraka wa Great Barrington ulitiwa saini 4 Oktoba, na tarehe 8 Desemba mwaka ule ule bibi wa miaka 90 alichanjwa Coventry. Ni miezi miwili!

Lakini twawageukia pia wale wa upande wa pili, waliodhani kufunga mlango ndiyo kazi yote. Huko Uingereza ilikuwa 8 Machi 2021 ndipo kila mzee aliporuhusiwa mgeni mmoja wa kudumu, aliyepimwa, anayeweza kumshika mkono ndani ya nyumba. Karibu mwaka mzima! Mzee aliyepoteza kumbukumbu haelewi "maambukizo" ni nini. Anaelewa kwamba mwanawe haji. Huacha kula. Na mwana yule hakuwa mgeni tu wa kuleta maua. Ndiye aliyekuwa akimlisha, ndiye aliyeona kidonda mgongoni, ndiye aliyekwenda ofisini kugomba. Mlango ulipofungwa Ontario, Kanada, macho hayo yalitoka nje. Askari walipotumwa kusaidia katika nyumba tano, taarifa yao ya Mei 2020 ilieleza mende, wazee walioachwa katika uchafu wao, na watu walioita msaada muda mrefu bila kujibiwa. Ilibidi jeshi liingie ndipo taifa lijue wazee wake wanaishije.

Uholanzi ilifunga tarehe 20 Machi 2020. Tarehe 11 Mei ikajaribu: nyumba 26 zilizokuwa hazina ugonjwa, kila mzee mgeni mmoja, kwa masharti. Katika majuma yale ya kwanza haikuonekana nyumba iliyopata maambukizo kwa ajili hiyo, na wazee walifurahi, na watumishi pia. Miezi miwili ilitosha kujua. Waliochukua mwaka mzima walikuwa na udhuru gani?

Tunaona upande wa kuachia na upande wa kufunga vimekula sahani moja. Wote wawili walikataa kugusa fedha. Kumlipa mtunzaji ujira wa kutosha nyumba moja tu, kumlipa akiugua, kumpima yeye na mgonjwa anayetoka hospitali: hayo yana gharama, na yangeandikwa katika bajeti. Kumfungia binti nje hakuna gharama. Kumwacha mzee afe hakuna gharama, tena kuna pensheni inayobaki mfukoni. Samahani kwa ukali wa maneno, lakini tusipoyasema sisi yatasemwa na nani?

Asije mtu akatwambia kwamba hayo ni ya Wazungu, sisi wazee wetu tunakaa nao. Tunakaa nao wengi, siyo wote. Unguja iko nyumba ya wazee ya Welezo, Kigamboni iko ya Nunge, na Kenya ziko za makanisa. Vijana wanahamia mijini, na mama anabaki na msichana wa kazi anayelipwa kidogo kuliko yule mtumishi wa Uingereza. Tena mwaka 2020 wapo waliosema kwamba Afrika ni bara la vijana, basi ugonjwa uachiwe upite. Ni maneno yale yale ya zizini, yamevaa kanzu badala ya suti.

Mei 2025 nchi za dunia zilipitisha huko Geneva mkataba wa kujitayarisha kwa magonjwa ya namna hii. Kila serikali sasa ina jambo la kuandika. Twataka wanachama wa kila tawi wawaulize wabunge na madiwani wao maswali haya, tena kwa barua: mtumishi wa nyumba ya wazee akiugua, analipwa na nani, na shilingi ngapi kwa siku? Mgonjwa anayetoka hospitali atapimwa kabla ya kupelekwa kwa wazee, au baada? Mtoto mmoja wa kila mzee ataandikwa jina lake ili aingie siku zote, ugonjwa ukiwapo? Majibu yaletwe kwa maandishi, nasi tutayachapa katika gazeti hili, pamoja na majina ya wasiojibu.