Wacheni Kukata Springi, Gari Kulala Chini Si Mbio

Nitaanza na ile sentensi itafanya mnitukane: tangu ukate springi, gari yako haikimbii. Kwenye kona iko mbaya kuliko siku ilishuka kwa meli pale Mombasa. Na kama unaileta otokrosi ikiwa hivyo, unalipa kiingilio ili upigwe na mzee wa Corolla ya zamani inayokaa juu kama gari ya daktari wa mifugo.

Najua hii story inatoka wapi. Msee anaona picha za gari za Japan zimelala, tairi zimeingia ndani ya fenda, anaamua hiyo ndio sura ya mbio. Anaenda kwa fundi, fundi anamwambia ni kazi ya nusu saa, analeta grainda. Mzunguko mmoja na nusu wa springi unaanguka sakafuni, pesa inatumwa kwa simu, picha inapigwa jioni. Sina shida na picha. Kama unataka gari ya kupendeza tu, ni yako, ilaze hadi ikwaruze lami. Shida yangu ni watu wanaouzia vijana hiyo kitu kwa jina la spidi, kwa vijana wenye hawana pesa ya kurudia mara ya pili.

Tufanye hesabu basi, maana hapa ndipo watu huanza kuangalia simu zao. Chukua springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi. Ukitoa mmoja na nusu, imebaki minne na nusu, na ugumu wake umepanda kwa theluthi nzima. Sawa, unasema, ngumu ndio nataka. Lakini shokapu ni ile ile. Ilitengenezewa springi laini, na kwa gari nyingi zetu imeshazeeka kitambo. Sasa springi inarusha, shokapu haina nguvu ya kuituliza, na tairi inadundadunda juu ya barabara badala ya kuishika. Tairi ikiwa hewani haina breki na haina usukani. Haina chochote, ni mapambo.

Kisha kuna safari ya shokapu, na hii ndio watu hawataki kusikia. Shokapu ina nafasi fulani ya kupanda kabla haijafika kwa bamstopu, ule mpira wa mwisho. Ukishusha gari sentimita tano, hizo sentimita tano umezitoa kwa hiyo nafasi. Gari nyingi zilizokatwa hazikalii springi tena, zinakalia mpira. Unaingia kona, gari inaegemea kidogo tu, mpira unagongwa, ule upande unakuwa mgumu kama jiwe kwa mpigo mmoja, na mshiko unakatika. Dereva anatoka anasema gari imemtoroka. Haikutoroka popote, ilifika mwisho wa safari yake. Na ikiruka juu ya tuta, springi fupi inalegea kwa kikalio chake na inaweza kurudi ikiwa imekaa vibaya. Hapo sasa si mambo ya sekunde mbili za otokrosi. Hiyo ni gari ile ile inabeba mathe yako Jumatatu kupitia Southern Bypass.

"Lakini kitovu cha uzito kimeshuka!" Kweli kabisa. Na kimekupa nini? Tuseme gari ya kilo 1,200, kitovu chake kiko sentimita 50 kutoka chini, na kutoka tairi ya kushoto hadi ya kulia ni sentimita 150. Kwenye kona ya murram, ambako nguvu ya kuisukuma pembeni ni kama asilimia 60 ya uzito wake, kilo 240 zinahama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Shusha kitovu sentimita tatu, zinahama kama 226. Faida yote ni kilo 14 hivi. Kwa hizo kilo 14 umeuza safari ya shokapu, umeuza sampu yako kwa jiwe la kwanza, na umeuza pembe za magurudumu.

Hizo pembe ndio mbaya zaidi. Vitz, Demio, Impreza, Corolla, zote mbele zinatumia mfumo wa MacPherson: shokapu imesimama, na chini kuna mkono mmoja unaoshikilia gurudumu. Gari ikiwa kwa urefu wake wa kiwandani, ule mkono uko karibu kulala sawa, au unateremka kidogo kuelekea gurudumu. Ukishusha sana, unageuka, unaanza kupanda kuelekea gurudumu. Ile nukta ambayo bodi huzungukia ikilala kwenye kona inashuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Nafasi kati ya hizo mbili inakua, kwa hiyo nguvu ya kuilaza bodi inapata mkono mrefu zaidi. Ndio, umesoma vizuri. Umeshusha gari ili isilale kwenye kona, na sasa ina sababu zaidi ya kulala. Fimbo za usukani nazo zimebadilika pembe, kwa hivyo kila tuta linajaribu kukugeuzia usukani bila ruhusa yako.

Kuna wenye watanijibu na Formula 1. Sawa, twende huko. Zile gari ziko chini kwa sababu hewa inayopita chini ya sakafu yake inazinyonya kwa barabara. Vitz yako haina hiyo sakafu, boss. Na hata wao, wenye mainjinia kibao, hukosea urefu. Oktoba 2023 kule Austin, Marekani, Lewis Hamilton alimaliza wa pili na Charles Leclerc wa sita, na wote wawili wakafutwa kwenye matokeo kwa sababu ubao ulio chini ya gari ulikuwa umesagika kupita kiwango. Barabara ilikuwa na mabonde, gari zilikuwa chini sana, hesabu ikakataa. Kama Mercedes na Ferrari wameadhibiwa na matuta ya Texas, wewe na Jamhuri Park mtaelewana vipi?

Na kwa nini tunaenda mbali? Hii nchi ina Safari Rally tangu 1953. Joginder Singh aliishinda 1965 na Volvo, akarudi akashinda 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Tafuta picha za hizo gari uone nafasi iliyo kati ya tairi na fenda. Na tangu Safari irudi kwenye ratiba ya dunia 2021, timu kubwa zinakuja Naivasha zikiwa zimeinua gari zao kuliko rali za kwingine na zimewahi kuzifunga snorkel ya kupumulia. Watu wanatoka Ulaya wakiinua, sisi tulio hapa tunakata. Wakati huohuo baba yako analipa fundi aweke spesa chini ya Note ipite barabara ya nyumbani. Fundi anaweza kuwa ni yule yule.

Sasa usiniambie "basi nipe pesa ya koilova." Hapana. Hiyo ndio imani inafukuza vijana kwa huu mchezo: ama ununue vifaa vya bei ya ploti, ama ukate. Kuna njia ya katikati na haina picha nzuri, ndio maana hakuna mtu anaiposti. Bushi zilizokufa, toa. Bolijointi zinazocheza, toa. Shokapu nne nzima za kawaida zinashinda springi zilizokatwa siku yoyote, na tairi nzuri zinashinda hizo zote. Springi za kiwandani ziache zilivyo.

Halafu pima. Tafuta sakafu sawa, na usiamini macho: ile paipu ya maji fundi wa mjengo anatumia kusawazisha ukuta itakuonyesha ni sentimita ngapi imeinama. Weka mtu wa uzito wako kwa kiti cha dereva, tangi nusu, presha ya tairi sawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, uandike. Ukipima kutoka chini, presha ya tairi itakudanganya. Kisha funga uzi wa mjengo kila upande wa gari, sambamba na gari yenyewe, upime kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma. Tofauti ya milimita mbili inaweza kueleza kwa nini gari inakimbilia kushoto. Kwenye lami, paka chaki ukingo wa tairi, ukimaliza raundi uangalie imefutika hadi wapi. Ikiwa imefutika hadi ubavuni, tairi inajikunja, ongeza hewa.

Kitu moja nitakaa nayo kidogo kwa sababu ni ya shilingi chache na sijaona gereji ikiifanya. Chukua ile kamba ndogo ya plastiki ya kufungia nyaya, ifunge kwa fimbo ya shokapu, isukume hadi chini. Kama fimbo imefunikwa na kifuko cha raba, kivute juu kwanza. Endesha raundi moja. Mahali kamba imesukumwa ndipo shokapu ilifika. Imekwama pale pale bamstopu inapofika? Uko chini sana, au springi ni laini sana kwa ile kona. Imebaki na sentimita nne za bure kila raundi? Hapo sasa una haki ya kufikiria kushuka, milimita tano tano, na springi za kurekebishwa, si grainda. Urefu wa gari unaamuliwa na hiyo kamba na saa ya mkononi. Rafiki zako pale parking hawahusiki.

Mimi huwa pale kona ya mwisho na simu, na hurekodi chini ya magari, si bodi. Nikiona kamba ya plastiki kwa shokapu ya Vitz yako, nitakuja kukusalimia, na nitataka kuona ile karatasi ya vipimo.