Flashi nusura iniumbue!

Majuzi nusura nipachikwe jina la mwizi mchana kweupe, hapa hapa Genkuru.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Sanduku lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, kwa hiyo pesa haina wasiwasi. Kasheshe ni nani anadaiwa kiasi gani. Hayo niliyatoa kwenye daftari nikayaingiza kwenye kompyuta, nikajiona mtu wa kisasa. Daftari lenyewe lilinyeshewa, mchwa wakamalizia.

Siku tatu kabla ya mgawo, nawasha mashine, feni inavuma, inalia piip piip, skrini giza totoro. Nikasema si neno, hesabu za miezi ya karibuni nimeziandikia kwenye flashi. Kuichomeka kwa jirani, mafaili hakuna! Vimebaki vijishotikati tu. Jamani, jasho lilinitoka. Mama mmoja akaniuliza mbele za watu, "Katibu, hela zetu zimeliwa na kompyuta au na wewe?" Na bwana mmoja mwenye deni kubwa kuliko wote, yeye tangu asubuhi alikuwa anatabasamu peke yake.

Nikakumbuka kwamba mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa hesabu za Hazina kwenda mrama. Siku hiyo niliwaelewa kabisa.

Nikaipakia mashine kwenye pikipiki hadi Nyamongo kwa kijana wa steshenari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mura. Niokoe."

Akachomoa waya wa umeme kwanza, ndipo akafungua boksi. "Mzee, hii mazabodi ndiyo uwanja, vyote vimekaa humu. Prosesa iko chini ya feni, ndiyo inayopiga hesabu. Pawasaplai inachukua volti 230 za ukutani na kuzishusha kuwa 12, 5 na 3.3, maana humu ndani ni vitu laini. Hadi diski ni kabati, umeme ukatike usikatike, vitu vimo. Ramu ni meza ya kazi. Umeme ukikatika, meza inabaki tupu. Ndiyo maana tunawaambia msevu kila wakati."

Ule mlio, akasema, mara nyingi ni ramu kulalamika. Akagusa chuma cha boksi kutoa umeme wa mwilini, akaichomoa, akasugua meno yake kwa raba ya penseli, akairudisha mpaka ikalia ka! Kuwasha, skrini hiyooo! Kumbe ni vumbi la barabara yetu tu.

Flashi sasa. Akaisafisha kwanza kwa programu ya kuua virusi, kisha akafungua dirisha jeusi kwa kuandika cmd. Hamna picha, hamna kipanya, ni kuandika amri na kupiga Enter. Akaandika E: akaingia kwenye flashi. Akaandika dir, yaani nionyeshe kilichomo. Shotikati tu. Akaandika dir /a, yaani nionyeshe vyote pamoja na vilivyofichwa. Bwana wee! Majina ya mafaili yangu yakamwagika! Kirusi hakikufuta kitu, kilikuwa kimevificha.

Akamalizia na attrib -h -s -r /s /d *.* nami nikainakili kwenye kiganja. H ni kufichwa, S ni alama ya faili la mfumo, R ni kuzuiwa kuandikwa. Hiyo alama ya kutoa mbele yake ndiyo inayoziondoa. /s na /d ni kwamba aingie mpaka ndani ya mafolda. Nafasi kati ya maneno usiziruke, mashine haibahatishi unachotaka.

Akanionya, "Mzee, usije ukacheza na del au format. Ukifuta kwa del humu, faili haliendi kwenye kapu la taka, linaondoka jumla." Amri kama dir na del zilikuwemo kwenye MS-DOS ya miaka ya 1980, na Windows ya leo bado inazisikia. Ujana wangu wote sikuwahi kuzijua!

Siku ya mgawo nikasoma madeni jina kwa jina. Yule mama akaniambia, "Katibu, nisamehe." Yule bwana wa kutabasamu hakutabasamu tena, alisimama akaeleza habari ndefu ya ng'ombe wake mgonjwa. Tumempa mwezi mmoja.

Mimi sasa nina nakala kwenye mashine, nakala kwenye flashi, na nyingine imechapwa kwenye karatasi anakaa nayo mweka hazina. Na daftari jipya nimenunua, tena la jalada gumu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!