Zabibu Mbichi Walizokula Baba Zetu

Wengi wetu tuliisoma riwaya ya Utengano shuleni, tukajibu maswali ya mtihani, tukaiweka kando. Leo nakuomba uichukue tena, uisome pamoja na Ezekieli sura ya 18.

Katika riwaya hiyo ya mwaka 1980, Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Zanzibar, anatuonyesha Bwana Maksuudi, tajiri na mwanasiasa. Zamani alimwoa Mwanasururu, akamfilisi, akamtupa. Bi Farashuu, mama wa Mwanasururu, hakusahau. Lakini kisasi chake kilimpata Maimuna, binti wa Maksuudi, msichana aliyefungiwa ndani na ambaye hakumkosea mtu. Alitoroshwa nyumbani, akaangukia ulevi na ukahaba.

Waisraeli walikuwa na methali: baba hula zabibu mbichi, mtoto ndiye anayepata ganzi ya meno. Kwa kinywa cha Ezekieli, Mungu aliikataa. Kila mtu atajibu dhambi yake mwenyewe.

Pemba wanaijua ganzi hiyo. Baada ya vyama vingi kurudi, majirani walisusiana maduka, harusi, hata mazishi. Januari 2001 damu ilimwagika, na watu zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Kura ya maoni ya Julai 31, 2010 ilifungua njia ya serikali ya umoja wa kitaifa, na mahasimu wakaketi meza moja. Hata hivyo, kura haiwezi kumrudisha jirani msibani. Ni lazima aende kwa miguu yake.

Usiseme hayo ni ya Visiwani. Usharikani kwetu zipo familia zinazoshiriki Meza ya Bwana lakini hazisalimiani mlangoni, kwa sababu ya shamba walilogombania mababu. Watoto wao wamerithi ugomvi kabla ya kurithi shamba.

Kusamehe si kusema kwamba Mwanasururu hakudhulumiwa. Yaliyopita hayafutiki. Lakini mwishoni mwa riwaya ni Bi Farashuu yule yule anayempokea Maimuna, naye anaolewa na Kabi, mjukuu wa bibi huyo. Deni halikulipwa. Kilichokoma ni kumdai mtoto.

Je, yupo mtoto wa mtu unayemnunia kwa kosa la baba yake? Kabla ya Jumapili ijayo, mpigie hodi.

Bwana akutangulie.