Pointi mara tano, na baba anazikwa bila mtoto wake mkubwa

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye matanga hapa Bukavu, katika komine ya Kadutu. Mzee aliacha watoto saba. Sita walikuwa pale. Wa kwanza, yule aliyestahili kutupa udongo mbele ya wengine wote, alifuata maziko kwenye simu, akiwa Kentucky, Marekani. Alilia mpaka chaji ya simu ikaisha. Sisi sote tukasema: masikini, amekosa feza ya tiketi.

Siku chache baadaye aliniandikia, maana tulisoma pamoja sekondari. Akasema: «Ndugu, kadi yangu ilikuwa na pointi elfu 90. Nilikuwa nazikusanya miaka mitatu. Mwezi wa kumi na mbili nilizimaliza kwa telefone na vifaa vya muziki.» Amenipa ruhusa kuandika habari hii, bila jina lake.

Tupige hesabu. Kama angeomba benki yake imugeuzie pointi kuwa feza, angehesabiwa senti 1 kwa kila pointi, maana yake dola 900. Kwenye duka la intaneti alikonunua, kila pointi ilihesabiwa senti 0,7. Alipata vitu vya dola 630. Dola 270 zilipotea kwa kubonyeza pahali pabaya, na safari ya kumzika baba ikapotea pamoja nazo. Dola 900 hazilipi kila tiketi ya kutoka Marekani mpaka Kigali au Bujumbura, lakini ndugu sita na likelemba ya kanisa lake wangeweza kuongeza kilichobaki.

Najua wengine watasema: pointi ni zawadi, mtu afanye nazo anavyotaka. Hapo ndipo ninapopinga. Pointi si zawadi. Ni feza yako mwenyewe, ikirudi kwako imepungua, na ikirudi tu kama unajua njia yake.

Wengi wetu walifika Marekani kama wakimbizi. Walianza na deni la tiketi ya ndege kwa shirika la OIM. Deni hilo halina riba. Wanalipa kila mwezi polepole, na kwa kulipa vizuri wanapata jina zuri kwenye mabenki. Halafu barua inafika nyumbani: kadi ya kredi, na maneno makubwa, «pointi mara tano kwa manunuzi ya intaneti». Mtu aliyezoea deni lisilo na riba anafikiri hata hili ni la namna ile. Si la namna ile hata kidogo. Tangu mwaka 2023, riba ya kadi Marekani imepita wastani wa asilimia 20 kwa mwaka.

Chukua mfano. Unanunua vitu vya dola 400 kwa pointi mara tano. Unapata pointi 2.000, yaani dola 20 ukizigeuza vizuri. Kama hukulipa deni lote mwisho wa mwezi, na riba ni asilimia 24 kwa mwaka, unatozwa karibu dola 8 kila mwezi. Mwezi wa tatu, zile dola 20 zimekwisha liwa. Kuanzia hapo wewe ndiye unayelipia zawadi ya benki. Wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Na zawadi inatoka wapi? Kila mara kadi inapolipa, muuzaji anakatwa ada, ambayo kwa kadi za kredi za Marekani mara nyingi inakaribia asilimia 2. Muuzaji naye si mjinga, anaiweka ndani ya bei. Kwa hiyo mama anayelipa kwa noti dukani analipia pointi za jirani yake mwenye kadi. Utafiti uliochapishwa na Benki Kuu ya Marekani mwaka 2023 ulikadiria kwamba zawadi za kadi zinahamisha karibu dola bilioni 15 kila mwaka, kutoka kwa maskini na wenye masomo kidogo kwenda kwa matajiri na wenye masomo mengi. Someni tena sentensi hiyo. Sisi tuko upande gani?

Ulaya waliliona jambo hili. Tangu Desemba 2015, sheria ya Umoja wa Ulaya imeweka mpaka: ada ambayo benki inapata kwenye kadi ya kredi haipiti asilimia 0,3. Ndiyo sababu shangazi wa Liège hana pointi nyingi kama kaka wa Texas. Msimucheke. Chanzo chenyewe cha pointi kimebanwa kule.

Sisemi watu watupe kadi. Anayelipa deni lote kila mwezi, asiyenunua kitu ambacho hangekinunua kwa noti, huyo pointi zinamsaidia kweli. Lakini sherti ajue masharti, na masharti yameandikwa kwa herufi ndogo kwa makusudi. Kadi nyingi za «mara tano» zina kikomo. Kuna zile zinazotoa pointi hizo kwa dola 1.500 za kwanza katika miezi mitatu. Ukipita hapo unarudi kwenye pointi moja. Nyingine zinataka ujiandikishe upya kila miezi mitatu, na ukisahau, hakuna kitu. Nyingine zinataka upitie kwanza kwenye ukurasa wa benki kabla ya kuingia dukani; ukienda dukani moja kwa moja, pointi za ziada hazikuhusu. Ukirudisha bidhaa, pointi nazo zinarudi walikotoka.

Na hili linatugusa sisi wa Bukavu zaidi ya yote. Tangu mabenki yalipofunga milango hapa mwanzo wa mwaka 2025, familia nyingi zinakula kwa kile kinachotoka inje na kufikia kwenye simu. Wapo ndugu wanaofikiri: nikituma minerval ya watoto kwa kadi ya kredi, nitapata na pointi. Hapana! Mabenki mengi yanahesabu kutuma feza kwa kadi kama kukopa noti taslimu. Hakuna pointi, kuna ada, na riba inaanza siku ile ile. Tumeni kwa feza iliyo kwenye konti yenu, si kwa kadi ya deni.

Sisi tulio nyumbani tusijifanye watakatifu. Nani anayeandika usiku wa manane, «Yaya, nitumie telefone mpya, huko kwenu vitu ni bei rahisi»? Ni sisi. Nani anayemwita bahili yule asiyetuma kolisi Noeli? Ni sisi. Rafiki yangu wa Kentucky alinunua zile telefone kwa ajili ya wadogo zake, wale wale waliosimama kwenye kaburi wakiuliza kwa nini mkubwa hakuja. Walimpigia simu wakiwa na telefone hizo mkononi.

Ninyi mlio inje, fungueni kadi zenu leo. Angalieni mna pointi ngapi, na benki inazihesabu senti ngapi mahali pa feza, mahali pa duka na mahali pa tiketi za ndege. Kama mnadaiwa, zigeuzeni feza mpunguze deni, maana benki inaweza kupunguza thamani yake, lakini riba haingoji. Kama hamdaiwi, ziacheni kwa ajili ya tiketi. Wazazi wetu wamezeeka.

Na sisi tulio huku tupunguze kuomba telefone. Ile niliyoandikia makala hii ina kioo kilichopasuka, na bado inafanya kazi.