Balenieri si nyumba: aulizwe anayeuza nafasi, si mama anayepika

LUBUTU, Maniema – Kila balenieri ikiungua au kuzama katika nchi hii, mwenye kosa anapatikana haraka. Ni mama aliyewasha mbabula. Ni abiria waliojazana. Ni raia wasiosikia. Mwenye chombo anatafutwa siku mbili tatu, halafu jambo linalala. Kisha chombo kingine kinafungwa pale pale, na watu wanaanza tena kupanda.

Wakaaji wa mji wa Lubutu hawana bandari ya Lualaba mlangoni, lakini jambo hili ni lao. Mtu wa hapa mwenye shauri Kindu, makao makuu ya jimbo, anaweza kupita barabara ya Punia na Kalima, ambako mvua ikinyesha gari linalala kwenye matope. Ama anazunguka: anafuata barabara kubwa mpaka Kisangani, anakwenda Ubundu, halafu anapanda mto karibu kilomita 300 mpaka Kindu. Tangu vita ilipofika Walikale mwezi wa tatu 2025, familia zilikimbilia upande huu, na nyingine zilisonga mbele kutafuta ndugu. Wengi wa watu hao hawana franka za ndege. Kwao, ni matope au ni maji.

Asiyewahi kupanda balenieri anafikiri safari inaanza mota inapowashwa. Sivyo. Inaanza siku abiria anapolipa nafasi yake, na siku hiyo chombo bado kimefungwa bandarini. Anaambiwa "kesho". Kesho inakuwa kesho kutwa, kwa sababu magunia ya mchele hayajatimia au mafuta ya mawese bado yako njiani. Siku nne, siku tano, juma zima. Feza za nafasi zimekwisha kuingia mfukoni mwa mtu mwingine, na anayeshuka kutafuta pa kulala anaogopa kukuta nafasi yake imeuzwa mara ya pili. Basi anabaki juu ya chombo, na chombo kinakuwa nyumba.

Nyumba gani? Balenieri zimefungwa ubavu kwa ubavu, hata mwenye kwenda ile ya nne anavuka tatu za wengine, mtoto mgongoni na bidoni mkononi. Kitanda ni gunia. Ukuta ni shitingi, ile ile familia iliyokimbia nayo. Mtoto anayeanza kutembea anafungwa kamba kiunoni, kwa sababu hakuna ukingo wa kumzuia asianguke majini. Choo ni ubao wa nyuma ya chombo, na mwanamke anangoja giza ndipo aende. Maji ya kunywa yanatekwa hatua chache tu kutoka hapo. Mchana jua, usiku mbu na wezi. Na katikati ya hayo yote, mbabula ya makala inawaka karibu na pipa la mazuti, kwa sababu watoto hawajala tangu jana.

Mwenye njaa hana miiko. Mama yule anajua vizuri kwamba chombo ni mbao na kwamba mazuti inawaka. Hakuna wa kumfundisha. Lakini hana mahali pengine pa kupikia sombe yake. Kumkataza moto bila kumwonyesha jiko ni kumwambia alaze watoto njaa kwenye chombo ambacho si yeye aliyekichelewesha.

Mwezi wa nne 2025, chombo cha mbao HB Kongolo kiliungua karibu na Mbandaka, katika jimbo la Équateur, na makumi ya watu walikufa. Wakubwa wa mto walisema moto ulianza abiria mmoja alipokuwa akipika. Huenda ndivyo. Lakini mbabula moja haiui watu wengi hivyo peke yake. Watu wanakufa kwa sababu mamia wamebanwa juu ya mbao, mlango hakuna, na wanaorukia maji hawajui kuogelea wala hawana jaketi la kuokolea. Moto uliwashwa na mtu mmoja. Yale mengine yote yalipangwa na kukubaliwa na wengine kabla mama huyo hajafika bandarini.

Tena si moto peke yake. Mwezi wa kumi 2024, chombo Merdi kilichotoka Minova kilipinduka mbele ya Goma, karibu na Kituku, mchana kweupe, watu wa pwani wakiangalia. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Wafanyabiashara na abiria wengi walikuwa wamehamia ziwani kwa sababu vita ilikuwa imefunga barabara. Hapo hapakuwa na mbabula ya kusingizia. Watu walilipa nafasi, na nafasi ziliuzwa kuliko chombo kinavyobeba. Mwezi wa tisa 2025, Équateur ililia tena, Basankusu na Lukolela, na huko Basankusu kulitajwa upakizi mbaya na safari ya usiku. Safari ya usiku inakatazwa. Nani basi anafungua kamba usiku? Si abiria.

Wenye vyombo wana jibu, na halifai kudharauliwa. Wanasema: mazuti ni bei kali, chombo kikiondoka nusu ni hasara, na kila kituo mtoni kuna mtu anayenyoosha mkono. Ni kweli. Lakini hasara hiyo sasa inabebwa na nani? Inabebwa na mama wa Walikale anayenunua makala siku ya sita kwa franka alizoweka kwa ajili ya kufika. Mzigo wa mfanyabiashara ndio unaongojwa. Anayelipa kungoja ni abiria. Mchele ukichelewa hauhari. Mtoto anahara.

Neno hilo la kuhara si la mzaha. Mwaka 2025 kipindupindu kilipiga Tshopo na Maniema. Na wakaaji wa Lubutu hawahitaji semina ili waelewe. Mwisho wa 1996 na mwanzo wa 1997 waliona Tingi-Tingi, karibu na mji huu: watu wengi mno mahali pamoja, maji machafu, vyoo haba, na maziko kila siku. Bandari iliyojaa watu wanaolala juu ya vyombo ni kambi, ila kambi hiyo haihesabiwi. Haina liste, haina muganga, haina mtu anayekuja kutia dawa ndani ya maji. Familia iliyohesabiwa kama wakimbizi Lubutu, ikipanda balenieri inageuka abiria tu, na hakuna anayeulizia habari zake.

Dawa yake si kubwa. Siku ya kuondoka iandikwe kwenye ubao mbele ya kila chombo. Ikipita, abiria arudishiwe feza zake bila kelele. Liste ya majina ifungwe kabla ya kamba kufunguliwa, na watoto waandikwe, kwa sababu mara nyingi chombo kikizama hakuna anayejua walikuwa wangapi. Jaketi moja kwa kila kichwa, la mtoto pia. Na juu ya nchi kavu, hatua chache kutoka majini, pawe na paa la mabati, vyoo, maji yenye dawa na meko ya kupikia. Mama akiwa na meko nchi kavu hatabeba moto juu ya mbao.

Franka za kazi hiyo zitatoka wapi? Kila chombo kinachofunga kamba bandarini kinalipa, na kila gunia linaloshushwa linalipa. Wanaopokea waonyeshe raia paa moja tu lililojengwa kwa malipo hayo. Shirika la raia na wajumbe wa jimbo waombe hesabu hiyo sasa, kabla ya chombo kingine kuungua, maana baada ya msiba kitu kinachotolewa ni masanduku tu.

Familia iliyotoka Walikale kwa miguu imekwisha kupita kwenye risasi. Ikifika mtoni inapewa ubao wa kulalia, inaambiwa "kesho", na siku chombo kikiungua inaambiwa kosa ni lake. Mama aliyewasha mbabula alikuwa na sababu: watoto walikuwa na njaa. Anayeuza nafasi mara mbili, na anayemwona na kunyamaza, waseme na wao sababu yao ni ipi.