Kuteleza si Kuanguka: Aibu Inavyomrudisha Mraibu kwenye Dawa

Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imepanda hupokewa kliniki kwa swali: nini kimebadilika? Mraibu aliyepata nafuu, akatumia heroini mara moja baada ya miezi kadhaa ya kujizuia, hupokewa kwa hukumu: tulijua tu. Kwa maoni yangu, tofauti ya mapokezi hayo inagharimu maisha ya watu.

Makali ya arosto hupungua ndani ya siku kumi hivi. Yanayobaki ni ya nafsi: upweke, msongo, huzuni na kumbukumbu. Ubongo umekwisha kuifunganisha raha ya unga na mahali, sura na saa, hata kupita karibu na kijiwe cha zamani kukaamsha shauku. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia askari wa Marekani waliorejea kutoka Vietnam mwaka 1971. Miongoni mwa waliokuwa waraibu huko, takriban asilimia 5 tu walirudia uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani. Sababu moja ni kwamba waliyaacha nyuma mazingira ya matumizi. Kijana wetu hana bahati hiyo: hutoka nyumba ya upataji nafuu akarudi mtaa uleule, kwa marafiki walewale, mara nyingi bila kazi.

Mwanasaikolojia Alan Marlatt alifafanua kwamba kutumia mara moja si lazima kuwe kurejea kwenye uraibu. Mengi hutegemea tafsiri ya mhusika. Anayejiambia, “Nimekutana na hatari ambayo sikujiandaa nayo,” huweza kutafuta msaada. Anayejiambia, “Mimi ni teja, sina thamani,” hutumia tena ili kuizima aibu. Jina hilo hakujipa mwenyewe, amelipata kwetu.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Mwili uliokaa bila heroini hupoteza ustahimilivu wake, na kipimo cha zamani chaweza kusimamisha pumzi. Anayejificha kwa aibu hutumia peke yake, asiwepo wa kumwokoa.

Napendekeza kila anayehitimu matibabu aondoke na mpango alioandaa pamoja na mshauri na familia yake: vishawishi vyake ni vipi, nani atampigia usiku, na akiteleza arudi wapi kabla ya siku kuisha. Wanaotumia methadoni, inayotolewa Muhimbili tangu 2011, wasibezwe kuwa wamebadili dawa kwa dawa. Mwili ukitulia, nafsi hupata nafasi ya kusikia ushauri.

Wapo watakaosema kwamba kupanga hivyo ni kumpa mraibu ruhusa. Sivyo. Nahodha anayebeba maboya hajaiombea dhoruba. Familia ikimwambia mapema, “Ukiteleza, njoo utuambie,” haijahalalisha unga. Imehakikisha tu kwamba atakapobisha hodi, atakuwa bado hai.